Kuandaa darasa la viongozi wa makanisa ya vijijini China

Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, makanisa ya China yalifungwa, na hayakuanza kufunguliwa hadi 1979. Seminari ya Nanjing, chuo cha kufundishia wachungaji, ilipokea tena wanafunzi mwaka 1981. Waumini waliporudi kwa wingi, wachungaji waliobaki walikuwa wazee, na nyuma yao kizazi kizima hakikuwa kimesomea kazi hiyo. Pengo lilizibwa na watu wa kujitolea, ambao huko huitwa yigong: wakulima, wengi wao akina mama, wanaohubiri, kufariji wagonjwa na kuzika. Aliyelelewa kwenye usharika wa mitaa mingi na mchungaji mmoja, wainjilisti wakibeba Jumapili yote, hahitaji kuelezwa zaidi. Mwongozo huu ni wa kuwafundisha yigong, na mfano wetu ni wilaya ya mashambani mkoani Henan.

Anza na ruhusa. Kanuni za mambo ya dini zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2018 zinabana mafunzo ya dini yasiyoidhinishwa, na tangu 1 Machi 2022 mahubiri ya mtandaoni nayo yanahitaji leseni. Kwa hiyo darasa lifanyike katika kanisa lililosajiliwa, likiitishwa na baraza la Wakristo la mahali hapo. Mwalimu mgeni asubiri mwaliko wa baraza hilo. Asiwatumie wanafunzi rekodi za masomo kwa simu, maana kosa lake litalipwa na wao, naye ameshapanda ndege.

Kisha fuata kalenda ya shamba. Henan huvuna ngano kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni, na mahindi hupandwa papo hapo. Mahindi yakivunwa, ngano mpya hupandwa Oktoba. Ukiitisha darasa Juni utapata viti vitupu, na kulaumu bidii ya watu hapo ni kuwaonea. Nafasi nzuri ni katikati ya Novemba hadi wiki mbili kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Tenga siku 6, vipindi 4 kwa siku, kila kimoja dakika 50. Wanafunzi wasizidi 24, vinginevyo mazoezi ya kuhubiri hayatatosha kila mtu.

Kila kituo cha ibada kilete wawili: mzee aliyeshika imani miaka ya giza, na kijana anayesoma vizuri. Usiwatenganishe. Mzee anajua sura nzima za Biblia kwa moyo lakini huenda hasomi kwa urahisi. Kijana anasoma upesi ila hajawahi kukaa na mgonjwa usiku kucha. Kila mmoja ni mwalimu wa mwenzake, na kijana asipokuja, miaka kumi baadaye pengo litarudi palepale.

Biblia inayotumika ni tafsiri ya Kichina iitwayo ya Muungano, iliyotoka mwaka 1919. Ina matoleo mawili: moja humwita Mungu Shen, jingine Shangdi. Shen huandikwa kwa herufi moja na Shangdi kwa mbili, hivyo toleo la Shen huacha nafasi tupu kabla ya neno ili kurasa zilingane. Darasa likisoma kwa pamoja, sauti zitagongana hapo. Waeleze siku ya kwanza kwamba maandiko ni yaleyale, kila mtu asome toleo lake, la sivyo mtabishana hadi siku ya tatu. Kuhusu lugha ya kufundishia, Kichina sanifu kinatosha Henan. Ukihamishia darasa Wenzhou, mkoani Zhejiang, tafuta mkalimani wa wazee, kwa sababu lahaja ya huko haieleweki hata kwa Wachina wenzao.

Kazi kubwa ni mahubiri, na hapo mtumie nusu ya vipindi vyote. Kosa linalojirudia ni kuchukua mstari mmoja na kuupa kila neno maana ya siri: punda ni hiki, kamba ni kile. Si uvivu. Mtu aliyekuwa na kipande cha Biblia kilichonakiliwa kwa mkono alilazimika kukamua kila neno. Mpe kifungu cha mistari kumi. Akisome kwa sauti mara tatu. Ajibu maswali manne: nani anasema, anamwambia nani, kilitangulia nini, kinafuata nini. Ndipo aandike sentensi moja tu inayobeba kifungu. Sentensi isipopatikana, asianze kuandaa mahubiri, arudi kusoma. Kisha ahubiri dakika 10, na mwenzake wa kituo amweleze alichosikia. Usimsahihishe mzee mbele ya darasa zima. Atatabasamu, atakushukuru, na mwakani hatakuja. Mweleze faraghani, wakati wa chai.

Njia hiyohiyo ndiyo kinga dhidi ya mafundisho potofu. Kundi la Umeme wa Mashariki, lililozuka Henan mwanzoni mwa miaka ya 1990, hufundisha kwamba Kristo amekwisha kurudi akiwa mwanamke wa Kichina, na jina lake limetokana na Mathayo 24:27. Usitoe hotuba ya kulishutumu. Waambie wasome kuanzia mstari wa 23 wajibu yale maswali manne. Onyo la kutomwamini anayesema Kristo yuko hapa au kule watalikuta wenyewe, na lililopatikana hivyo halisahauliki upesi.

Kuhusu fedha za sadaka, kipindi kimoja kinatosha: wahesabu wawili, na mwandishi wa hesabu asiwe mtunza fedha.

Darasa likifungwa, kila jozi iondoke na vifungu 12, kimoja kwa wiki. Katika mwezi wa tatu baada ya darasa, mwalimu aende kukaa benchi la nyuma, bila kutangazwa. Ibada ikiisha, awaulize watu watatu mahubiri yalihusu nini. Majibu yakilingana, jozi hiyo iko tayari kufundisha kituo cha jirani. Yakitofautiana, mchana huohuo wakae tena na kifungu, kuanzia kusoma mara tatu.