Kabla hujashuka mwaloni na dodoso lako

Kila mwaka wakati wa utafiti wa wanafunzi ukifika hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, simu yangu haipumziki. Mmoja anasoma udaktari Bugando, anataka kujua hali ya kichocho kwa watoto wa Ilemela. Mwingine yuko SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, sosholojia, anataka kuzungumza na akina mama wa dagaa. Wa tatu anasomea uvuvi, ana mzani na ubao wa kupimia samaki. Fani ni mbalimbali, lakini wote wanaishia kwenye mwalo uleule, yaani pale mitumbwi inapofika na samaki kushushwa, mbele ya watu walewale, tena wengi wao wamechoka kuulizwa. Mimi ni msimamizi wa wadodosaji. Kazi yangu ni kuhakikisha kilichoandikwa kwenye fomu ndicho kilichosemwa na mtu. Haya ndiyo ninayowaeleza kabla hawajapanda daladala.

Bana swali lako

"Athari za uvuvi haramu katika maendeleo ya Mkoa wa Mwanza" si swali, ni wizara nzima. Libane mpaka uweze kumwambia mama anayekausha dagaa Igombe kwa sentensi moja, naye akaelewa unatafuta nini. "Nataka kujua kwa nini wengine wamehamia kwenye chanja na wengine bado wanaanika kwenye mchanga." Hilo linajibika, na kuna mtu litamfaa.

Mfano mzuri wa swali lililobanwa tunao hapa hapa mkoani. Kuanzia 1991 watafiti waliuliza jambo moja: tukiboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati zilizopo, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja ilianza kupata huduma iliyoboreshwa, nyingine ikawa ya kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionesha maambukizi mapya yamepungua kwa takriban asilimia 40 kule kwenye huduma. Ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, utafiti mwingine uligawa dawa za magonjwa ya zinaa kwa watu wote kwa pamoja, na matokeo yake ya 1999 hayakuonesha kupungua kwa VVU. Soma tafiti hizi mbili kwa pamoja, hata kama husomei tiba. Utaona jinsi njia ya kutoa huduma na hatua ambayo ugonjwa umefikia katika jamii vinavyoweza kugeuza jibu, na hutathubutu tena kuandika "utafiti unaonesha" bila kusema wapi na lini.

Namba 384

Wengi wananiletea sampuli ya watu 384 bila kujua imetoka wapi. Inatokana na kukisia kwamba nusu ya watu wana jambo unalolitafuta, ukakubali kukosea kwa asilimia 5 huku na huku, kwa uhakika wa asilimia 95. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Ukichagua kambi tatu za wavuvi ukawahoji wote waliomo, watu wa kambi moja wanafanana: tajiri mmoja (mwenye mitumbwi), nyavu zilezile, maji yaleyale. Lazima uongeze idadi, na kambi nyingi zenye watu wachache kila moja ni bora kuliko kambi chache zenye watu wengi. Kaa na mtaalamu wa takwimu mapema, kabla hujakusanya chochote.

Halafu orodha utaipata wapi? Wavuvi wanahama kufuata samaki, na daftari la kijiji haliwezi kuwafuata. Mimi naanzia kwenye mitumbwi. Viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia mwalo, wanaifahamu mitumbwi ya mwalo wao. Iorodheshe, piga kura ya mitumbwi, kisha ndani ya kila mtumbwi uliochaguliwa piga kura ya watu.

Barua

Hapa sina maneno mengi. Kamati ya maadili kwanza, na kama utafiti unagusa afya za watu usianze bila kibali chake. Kisha barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, kwa mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji au mtaa, na mwisho BMU. Mtafiti wa kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Beba nakala nyingi, maana kila ofisi itabaki na yake. Usiruke ngazi. Mtendaji akisikia kwa watu kwamba umeshaanza kuhoji, atakusimamisha, na atakuwa na haki.

Panga safari kwa kufuata mwezi wa angani

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti dagaa vizuri, hivyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wengine wanarudi makwao. Giza likirudi, kazi inarudi. Ratiba ya chuo inasema tarehe 5 mpaka 12. Ukiifuata bila kutazama kalenda ya mwezi, unaweza kukuta vijana wametoka majini alfajiri na wamelala, na akina mama wako mbioni kuanika mzigo kabla jua halijapanda. Utawapata, lakini kila jibu litakuwa la mtu anayetaka uondoke.

Kwa hiyo: kama unapima samaki, unahesabu mzigo au unaangalia jinsi kazi inavyofanyika, nenda wakati wa giza. Kama unahitaji mtu akae nawe saa nzima, nenda wakati wa mbalamwezi. Ila jihadhari na jambo moja. Wakati wa mbalamwezi mifuko imekauka, na ukiuliza hali ya maisha utapata picha ya siku mbaya tu. Uliza juu ya giza lililopita na mbalamwezi hii, kila kimoja peke yake, na uandike tarehe ya mahojiano. Wavuvi wa sangara mbio zao ni tofauti, nao waulize wenyewe.

Masika nayo yahesabu. Mwanamke aliyeanika dagaa na wingu limetanda hawezi kukupa ridhaa ya kweli. Funga daftari, msaidie kukusanya, rudi kesho.

Kuuliza kipato

"Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Mvuvi hana jibu la swali hilo, na akikutajia namba ameibuni kukuridhisha. Hapokei mshahara, anapata mgawo. Mwulize hivi: "Mara ya mwisho kuingia ziwani ilikuwa lini? Mlirudi na ndoo ngapi? Ndoo iliuzwaje? Mlitoa nini kwanza?" Hapo ataanza kuhesabu kwa vidole: mafuta ya mashine, taa, chakula, sehemu ya tajiri, halafu kilichobaki wanagawana. Kwenye fomu yako kila kipande kiwe na nafasi yake. Inachukua muda, lakini ukimaliza umepata hesabu ambayo mvuvi mwenyewe anaitambua.

Maswali ya nyavu, hasa kokoro (wavu unaokokotwa mpaka ufukweni), yaweke mwishoni. Kokoro ni marufuku, na mgeni mwenye fomu anafanana sana na ofisa wa doria. Usiulize "Wewe unatumia kokoro?" Uliza zana zipi zinaonekana mwaloni hapa. Na usiwe na namba ya usajili wa mtumbwi kwenye fomu yenye majibu ya namna hiyo. Mtu amekuamini, mlinde.

Ridhaa

Msalimie mtu kwanza. "Shikamoo mzee," subiri "marahaba," uliza habari za nyumbani. Ukijua "mwangaluka" kwa Wasukuma asubuhi, itumie. Kisha fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, polepole, kwa lugha anayoielewa. Ukerewe wapo wazee watakaohitaji Kikerewe au Kijita. Mwache aeleze kwa maneno yake ulichosema. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mtu wa timu yako. Kwa mtoto, ridhaa inaombwa kwa mzazi, na mtoto mwenyewe anaulizwa kama anakubali. Mtu akikataa, shukuru uondoke. Usimtume mwenyekiti akambembeleze.

Kama unakusanya choo au mkojo

Kwa kichocho cha tumbo, kinachoenea ufukweni kwetu, kipimo cha Kato-Katz, cha kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo kwa darubini, ndicho kinachotumika sana. Kibao chake cha kawaida kinachukua miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo mayai uliyohesabu unayazidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Kuanzia 1 hadi 99 ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya kati, 400 na zaidi mazito. Mayai hayatoki sawasawa kila siku, ndiyo maana sampuli za siku mbili au tatu ni bora kuliko ya siku moja. Kama unatafuta na safura, soma kioo ndani ya nusu saa hadi saa moja, maana mayai yake hupotea haraka machoni. Andika namba ya mtu kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Aliyekutwa na kichocho apate praziquantel, na ale kwanza kabla ya kumeza. Panga hilo na zahanati kabla ya kugawa kikopo cha kwanza. Kumwambia mama kwamba mwanawe anaumwa halafu ukaondoka na takwimu ni jambo nisilolivumilia kwa mtu yeyote ninayemsimamia.

Jioni, kisha mwisho

Fomu zipitiwe siku hiyohiyo, ziwe za karatasi au za programu ya KoboToolbox kwenye simu. Mtoto wa miaka 8 mwenye watoto wanne anarekebishika leo, kwa kuwa mdodosaji bado anakumbuka sura yake. Wiki ijayo itabidi umfute. Ukiona mdodosaji mmoja mahojiano yake yote yamechukua dakika tisa, kaa naye mzungumze, na kesho mfuate.

Na urudishe majibu. Weka nauli ya kurudi kwenye bajeti tangu mwanzo, kwani pesa ikiisha hakuna atakayekupa nyingine. Omba BMU waitishe kikao, wakati wa mbalamwezi. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha: tuliuliza nini, tumekuta nini, nani ameshapelekewa. Chora michoro mikubwa ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mwalo. Watakupinga mahali fulani, na wewe andika pingamizi hilo liingie kwenye sura ya majadiliano kabla hujampelekea msimamizi wako ripoti.