Kuleta paka kwenye nyumba yenye sungura, simbilisi au ndege: hatua kwa hatua

Mombasa paka hatafutwi, hujileta mwenyewe. Kuanzia Makadara hadi Kibokoni kila baraza ina wake, na ukimtupia kichwa cha changu leo, kesho amekwishahamia. Kazi huanza pale ambapo ndani ya nyumba tayari kuna sungura wa watoto, ndege kwenye tundu, au simbilisi, wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia. Hivi karibuni nilimpangia mambo haya khalati wangu wa Majengo, ambaye ana hao wote watatu na aliamua kumchukua paka wa jirani aliyekuwa akihama. Mimi hufuga njiwa na sungura, na vizimba hutengeneza mwenyewe.

Jambo moja nilishike tangu mwanzo: usitegemee tabia ya paka. Watu huniambia, "Paka wangu ni mpole, hana habari na kuku." Upole kwa binadamu na uwindaji ni vitu viwili mbalimbali. Paka aliyeshiba bado huwinda, kwa kuwa kinachomwamsha ni kitu kidogo kinachokwenda mbio, si njaa peke yake. Kwa hiyo uzito wote uweke kwenye waya, komeo na mlango. Mazoea yatakuja baadaye, na hayo ni nyongeza tu.

Hatua ya 1: Paka mwenyewe

Ukiwa na hiari, chukua paka mzima aliyekulia kwenye nyumba yenye kuku wa kienyeji. Mama kuku mwenye vifaranga ni mwalimu mkali, na paka aliyedonolewa usoni akiwa mdogo huwa na adabu na mabawa. Adabu hiyo haihami kwenda kwa simbilisi, lakini ni mwanzo mzuri.

Kabla hajaingia ndani apite kwa daktari wa mifugo: dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa cha mbwa (huanzia miezi 3), na miadi ya kumhasi. Kuhasiwa hakumalizi uwindaji, ila humpunguzia kuzurura.

Hatua ya 2: Kizimba

Hapa ndipo jioni yetu nzima ilipoishia, na hapa ndipo nitakapokaa.

Kwanza waya. Ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, unaouzwa kwa jina la waya wa kuku, uutoe akilini. Umetengenezwa ili kuku asitoke, haukutengenezwa ili mwenye kucha asiingie. Paka akiuning'inia matundu hupanuka, na mguu hupita mpaka begani. Nunua wavu wa nyaya zilizochomelewa wenye matundu ya mraba ya nusu inchi. Matundu ya inchi moja naweza kuyavumilia kwenye paa la kizimba cha sungura mkubwa. Kwa simbilisi, vifaranga na ndege wadogo ni nusu inchi pande zote, bila mjadala.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada, nalo ni chumvi. Kuna wavu uliotiwa zinki kwanza kisha ukachomelewa, na kuna uliochomelewa kwanza ndipo ukatiwa zinki. Ule wa kwanza ni wa bei nafuu, lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki kwenye kila kiungo, na kutu huanzia papo hapo. Ukiwa dukani tazama viungo kwa karibu. Vikiwa vimefunikwa sawasawa na utando mzito wa kijivu, chukua. Vikiwa na doa jeusi au la kahawia, rudisha. Lipa hiyo tofauti ya bei, hasa kama nyumba yako iko karibu na maji, kama vile Mji wa Kale, Nyali au Likoni. Na kila mwezi pitisha kidole kwenye pembe za chini, kwa sababu mkojo wa sungura na hewa ya bahari vikikutana waya huvunjika kama biskuti.

Wenye ndege wa jamii ya kasuku, sikilizeni hapa. Ndege hawa hutafuna kila kitu, na unga wa zinki uliobaki juu ya wavu mpya huwa sumu kwao. Usugueni kwa brashi na siki, uosheni kwa maji mengi, uacheni ukauke juani kabla ya kumwingiza yeyote.

Kuupigilia: misumari ya U peke yake hung'oka, maana paka hakwaruzi mara moja akaacha, hurudia usiku kucha. Bana ukingo wa wavu kwa ubao mwembamba, kisha kaza ubao huo kwa skrubu. Kama wanyama wako hupenda kulala wakiegemea ukuta wa kizimba, na simbilisi ndivyo walivyo, weka tabaka mbili za wavu zilizoachana inchi 2 au 3, ili ukucha usifike kwenye manyoya.

Sasa makomeo. Ndoano na pete haifai, paka huinyanyua kwa pua. Vimlango vya matundu ya ndege ya kununua, vile vinavyopanda juu, havifai pia. Paka huingiza ukucha chini akakiinua, nami nimeshuhudia zaidi ya mara moja. Vifunge kwa kibanio au kipande cha waya wa kufungia. Kwenye kizimba cha mbao mimi hutia komeo la kusukuma pamoja na kufuli dogo. Kufuli si la paka, ni la watoto wa nyumbani na wa jirani, ambao hufungua wambembeleze sungura kisha wakaitwa kula.

Halafu uzito. Paka mzima huruka futi 5 bila taabu, na akitua juu ya kizimba chepesi kinapinduka. Kifunge kwenye grili ya dirisha au kikaze ukutani. Tundu la kuning'iniza kwenye boriti halijasalimika kwa kuwa liko juu: paka hulirukia, likabembea, likagonga ukuta, na kitako cha plastiki kikachomoka. Funga kitako na mwili wa tundu kwa waya wa kufungia pande zote nne. Njiwa wa juu ya nguzo wafungie bati laini kuizunguka nguzo, mapana ya futi 2, juu kuliko anavyoweza kuruka paka. Lakini kwa nyumba za Mji wa Kale, ambako paa zimeshikana, paka hutokea kwa jirani na bati halina kazi. Huko dawa ni kufunga mlango wa banda kila magharibi.

Mwisho ni jaribio, na hili msiliruke. Kizimba kikiwa kitupu, weka dagaa wachache ndani, funga kila kitu kama kawaida, mlete paka, kaeni mtazame. Cha khalati kilikuwa cha kununua, kizuri, na tulikwishakagua mlango, paa na pembe zote. Paka alizunguka kwa muda mrefu mpaka khalati akaanza kunihurumia: "Mwanangu, huyu ni paka, si chui." Nikamwambia, "Khalati, kwa simbilisi ni yuleyule." Basi tukauona mguu wa kijivu ukiingia chini, pale inapovutwa trei ya kinyesi. Uliingia taratibu, kiganja kikiwa juu, kucha zikafunguka, zikachota maranda, zikatoka, zikaingia tena mbali zaidi. Trei ilikuwa imebaki nje kwa upana wa vidole viwili tu. Nayo ni sehemu ambayo simbilisi hulala, kwa kuwa ni baridi. Tulitia vipande viwili vya chuma vya kuizuia trei isirudi nyuma, na ubao mbele yake wenye komeo lake. Kisha tukarudia jaribio kwa dagaa wapya mpaka paka akachoka akaenda zake kulala. Kizimba kisichopita jaribio la dagaa hakijawa tayari.

Hatua ya 3: Chumba, na joto letu

Ushauri wa nchi za baridi ni mwepesi: wafungie wanyama wadogo chumba chao, ufunge mlango na madirisha. Fanya hivyo Mombasa mwezi wa Februari uone. Sungura hatoki jasho, hupoa kwa masikio yake, na joto likipita nyuzi 30 huanza kuumia. Mchana wa kaskazi hapa hupita hizo. Hata kukifunika kizimba kwa leso ili paka asione ndani ni kumziba sungura pumzi.

Suluhisho ni mlango wa pili wa fremu na wavu uleule wa nusu inchi, unaofunguka kwa nje na kujifunga kwa springi. Mlango wa mbao unabaki wazi, upepo unapita, paka anabaki ukumbini. Wavu wa mbu hautoshi, unachanika kwa ukucha mmoja. Dirishani pia weka wavu nyuma ya grili, maana paka wa nje wapo wengi kuliko wako. Siku za joto kali laza chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, ubavuni mwa sungura.

Kama huna chumba cha ziada, basi wanyama wadogo wachukue chumba cha kulala na paka alale ukumbini. Kinyume chake hakifai, kwani ukumbini mlango hufunguliwa kutwa.

Hatua ya 4: Harufu kabla ya macho

Paka abaki chumba kingine siku zake za kwanza, na mchanga wake, maji yake na mahali pa kujificha. Chukua kitambaa ulichompangusia paka mashavuni, kiweke hatua chache kutoka kwenye kizimba. Chukua kingine kilicholaliwa na sungura, kiweke karibu na sahani ya paka. Sungura akiacha kula, akipiga chini mguu wa nyuma au akiganda kwenye pembe, kisogeze mbali. Kunawa mikono baada ya kumshika paka nako kunahesabika, maana sungura hunusa mkono kabla hajakutambua wewe.

Hatua ya 5: Kuonana

Paka ashibe kwanza, awe amechoka kwa mchezo. Mlete mpaka kwenye mlango wa wavu, asiingie ndani. Dakika chache zinatosha, kisha mpe kipande cha samaki akitazama pembeni. Akigeuza uso kwa hiari yake ndipo anapolipwa.

Dalili za kumtoa mara moja: mwili umeshuka karibu na sakafu, macho hayapepesi, ncha ya mkia inacheza peke yake, au taya zinatetemeka na kutoa kile kisauti cha kugongana. Usimpigie kelele. Weka kitu katikati yake na wavu, kama mto au ubao, umwondoe.

Kuwaweka pamoja sakafuni bila wavu katikati mimi sishauri, kamwe. Najua kuna picha nyingi za paka na sungura wamelala pamoja. Sungura mkubwa na paka wa miaka mingi huenda wakaelewana, na mtu mzima awepo wakati wote. Simbilisi, vifaranga na ndege, hapana. Ndege akipiga bawa mara moja, mazoea yote ya miezi huisha.

Hatua ya 6: Chakula, mchezo na viroboto

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, wa mwaka 2021 uliwafuatilia paka wa majumbani. Waliopewa chakula chenye nyama nyingi walipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36, na waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni haikuonyesha tofauti yoyote. Basi acha kumlisha ugali mtupu, na kila magharibi mvutie kamba yenye kitambaa mpaka achoke.

Viroboto wa paka huhamia kwa sungura. Dawa ya kudondosha shingoni yenye fipronili usiitie kwa sungura, humdhuru na hata kumuua. Na dawa za mbwa au za kuku zenye permethrini usimpake paka, ni sumu kwake. Soma karatasi ya dawa, au mwulize daktari akuandikie ya kila mnyama peke yake.

Hatua ya 7: Paka akimfikia mmoja wao

Hata kama huoni jeraha, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Meno ya paka ni membamba, hutoboa ngozi na tundu likajifunga juu, bakteria wa mdomoni mwake wakiwa ndani. Ndege aliyeonekana mzima jioni huweza kufa ndani ya siku moja au mbili kama hakupata dawa.

Njiani muweke kwenye boksi lenye matundu, penye giza na utulivu. Usimlazimishe maji wala chakula.

Na usipitie duka la dawa kununua amoksilini ya watu. Kwa sungura na simbilisi, dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huua bakteria wazuri wa tumboni, na mnyama hufa kwa dawa badala ya jeraha. Ukimpigia daktari simu, taja kwanza ni mnyama gani na uzito wake kwa makisio, halafu saa aliyoumwa.