Anzeni na futari: kuwakalisha pamoja wanafunzi wa dini tofauti

Ukitaka kuwakutanisha wanafunzi wa dini tofauti chuoni, kongamano liache kwanza. Pika futari. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, iliangukia Machi 5, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeandama siku chache tu kabla. Hosteli yetu hapa Dar es Salaam, Waislamu na Wakristo, wengi tulikuwa tumefunga.

Tafuta mtu mmoja TMCS (wanafunzi Wakatoliki), mmoja USCF (wanafunzi Waprotestanti), mmoja jumuiya ya Waislamu. Si lazima wawe viongozi. Mimi nilianza na jirani yangu, Mkatoliki kutoka Songea, tuliyezoea kuazimana pasi. Mkifika wanne, nendeni kwa mshauri wa wanafunzi mkaombe ukumbi.

Chakula ndicho kinachotaka akili. Mara ya kwanza nilipanga Ijumaa, nikapika pilau ya nyama. Wakatoliki hawali nyama Ijumaa za Kwaresima. Wageni wangu wakaishia kwenye tende na uji, na aibu ile ninayo hadi leo. Tena Ijumaa jua likizama, Sabato ya Wasabato imeingia. Siku hizi tunakutana Jumatano, tunapika mihogo ya nazi, maharage na samaki wa magamba. Samaki hazui swali la nani kachinja, na swali hilo si dogo: Februari 2013 huko Buseresere, Geita, watu walipigana kwa ajili ya kuchinja, mchungaji akauawa.

Adhana ya magharibi mwezi Machi ni kama saa kumi na mbili na nusu. Fungueni kwa tende, wanaoswali wakaswali, na mazungumzo yasianze bila wao.

Swali liwe moja: "Wewe ukifunga, kigumu ni nini?" Kila mtu aseme ya kwake, asifungue kitabu cha mwenzake. Tumekulia kwenye mihadhara ya viwanjani, Biblia na Kurani zikishindanishwa kwenye spika, kwa hiyo kuna atakayeteleza tu. Mwenyekiti amrudishe kwenye swali kwa upole. Jirani yangu alijibu kwamba njaa anaizoea, kinachomshinda ni kumsamehe baba yake. Ukumbi mzima ulinyamaza, na hapo ndipo watu walipoanza kusema kweli.

Vyombo mwoshe wote. Sisi tulikuwa bombani, mikono ina povu, tulipokubaliana kwenda kuchangia damu. Tukaiweka baada ya Idi na Pasaka, mtu asitoe damu na tumbo tupu.