Ushauri wa Kazi Ughaibuni: Upi Uufuate, Upi Uuache

Mtu akihamia nchi ya watu, ushauri wa kazi huupata bure na kwa wingi. Mwenyeji aliyempokea atamwambia aombe kazi ya kutunza wazee, rafiki aliyesoma naye atasisitiza ajifunze uchambuzi wa data, na shangazi aliyeko nyumbani atamwonya asithubutu kuacha kazi aliyo nayo. Wote humtakia mema, na huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya mahali alipo yeye. Kabla ya kupima wema wa mshauri au ukubwa wa mafanikio yake, chunguza kama mazingira yaliyomfanikisha yanafanana na yale unayoishi wewe leo.

Anza na tarehe. Februari 2022 Uingereza iliwaruhusu watoa huduma za uangalizi, yaani kutunza wazee na wasiojiweza, kuajiri wahudumu kutoka nje kwa viza ya Afya na Uangalizi, na wengi waliingia kwa njia hiyo pamoja na familia zao. Tarehe 11 Machi 2024 waombaji wapya wa kazi hizo walizuiwa kuja na wenza na watoto, na tarehe 22 Julai 2025 uajiri mpya wa wahudumu hao kutoka ng'ambo ukafungwa. Aliyeingia mwaka 2022 akikuambia leo kwamba mdogo wako naye apitie hukohuko, hakudanganyi, anakusimulia historia. Matapeli nao hutegemea kumbukumbu za namna hiyo, kwa kuwa ni rahisi kumuuzia mtu cheti cha udhamini, yaani uthibitisho wa mwajiri unaohitajika kuombea viza, cha kazi isiyokuwepo ikiwa amewahi kusikia kwamba jirani yake alikipata kihalali. Kwa hiyo ushauri wowote unaogusa viza uulizie mwaka wake, kisha uulinganishe na tovuti ya serikali ya nchi husika. Kwa Uingereza utakuta huko hata orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini, nayo husomwa bila malipo.

Baada ya tarehe huja aina ya kibali, na kwa maoni yangu hapa ndipo ushauri mzuri unapowaumiza watu wengi zaidi. Chukua ile kauli maarufu kwamba ushike kazi yoyote kwanza, hata kubeba boksi, mengine yatajipanga. Kwa mwenye ukaazi wa kudumu ni kauli ya busara, maana kodi ya nyumba haisubiri. Kwa mhitimu aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na kibali cha OPT kinachomruhusu kufanya kazi kwa muda baada ya masomo, kazi inapaswa kuhusiana moja kwa moja na alichosomea, na katika ile miezi 12 ya kwanza haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 kwa jumla bila kazi inayokubalika. Zamu za ghalani za mtu aliyesomea takwimu hazihesabiwi, hivyo siku zake zinazidi kupungua huku mwenyewe akijiona ameajiriwa. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa shahada nchini Uingereza, ambaye kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, akishauriwa asambaze vyakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu ili ajipangie muda, mara nyingi anashauriwa kujiajiri, jambo ambalo viza yake inalikataza.

Hali ni hiyohiyo kwa wanaosema, acha kazi, usikubali kudharauliwa. Mwenye uraia anaweza kuacha Ijumaa akatafuta nyingine Jumatatu. Mwenye viza ya H-1B, ile ya Marekani ya wanataaluma wanaodhaminiwa na mwajiri, akipoteza kazi huwa na muda usiozidi siku 60 wa kumpata mwajiri mwingine, kubadilisha hadhi yake ya uhamiaji au kuondoka, na kwa mfanyakazi aliyedhaminiwa Uingereza, ruhusa ya kukaa kwa kawaida hufupishwa hadi siku 60 baada ya Wizara ya Mambo ya Ndani kuchukua hatua. Ushauri huo si wa kutupwa, ila mpangilio wake ugeuzwe: mdhamini mpya kwanza, barua ya kuacha kazi baadaye. Palipo na unyanyasaji, chama cha wafanyakazi au mwanasheria wa uhamiaji ahusishwe mapema, kabla hujasaini chochote.

Kuhusu fani zenye leseni, yaani uuguzi, udaktari, uhandisi na ualimu, sina la kurefusha: mamlaka inayosajili fani yako ndiyo yenye neno la mwisho. Bado utasikia kwamba mhandisi hasajiliwi Ontario bila uzoefu wa Kanada, ilhali sharti hilo liliondolewa na mamlaka ya jimbo hilo Mei 2023.

Angalia pia mshauri anapata nini. Mawakala wengi wa vyuo hulipwa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha, kwa hiyo wakala akikuambia tatizo lako litatatuliwa na shahada nyingine ya uzamili, msikilize ukijua kwamba hata angekuona unahitaji leseni tu, asingelipwa kwa kukuambia hivyo. Wapo pia wasiopata hata senti lakini wanaotetea uamuzi wao wenyewe. Aliyebaki miaka mingi katika kazi asiyoipenda anaweza kukushawishi kwamba hakuna nyingine.

Ndugu walioko nyumbani wana fungu lao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa hiyo kuhusu soko la ajira la huko uliko usiwafanye waamuzi, hasa pale hofu ya kukatika kwa fedha unazotuma inapozungumza kwa niaba yao. Lakini wanakujua tangu utotoni. Dada yako akisema hukuwahi kuvumilia kazi ya kukaa peke yako kutwa, hilo ni la thamani kuliko orodha ya kazi zinazolipa vizuri.

Kuna ushauri unaokera na bado unafaa kufuatwa. Sisi tumelelewa tusijisifu, na mhasibu aliyefunga hesabu za robo mwaka peke yake ataliambia jopo la usaili kwamba idara ilifanya kazi nzuri. Katika usaili wa kutoa alama, jopo huandika alama kwa kile alichofanya msailiwa mwenyewe, hivyo sifa ya idara humwacha mikono mitupu. Mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza akikurekebisha hapo, mtii hata kama unaona aibu.

Ushauri wa namna hiyo usiutafutie ushahidi mrefu, kwa sababu kuujaribu hakukugharimu kitu na ukishindwa unarudi kujieleza kama ulivyozoea. Muda wako wa uchunguzi uweke kwenye yale yasiyorudishika kirahisi, kama mkopo wa ada au kuhamisha familia. Washauri wawili unaowaamini wakipingana katika mambo hayo, waulize wote wawili walihamia na nani, kwa kibali gani, na nani alikuwa akilipa kodi ya nyumba walipokuwa wakisubiri leseni au kazi, kisha zungumza tena na yule ambaye majibu yake yanakaribia yako.