Kukazia hukumu ya talaka mtalaka wako anapogoma kutekeleza

Hukumu haijitekelezi yenyewe. Mahakama ikishavunja ndoa, kugawa mali na kuamuru matunzo, faili hukaa kimya mpaka aliyeshinda arudi kuomba hukumu ikaziwe, yaani mahakama ilazimishe itekelezwe. Yanayofuata ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Aliyeshinda nitamwita mshinda tuzo, na aliyegoma nitamwita mshindwa tuzo, kama fomu nyingi za mahakama zinavyowaita.

Hatua ya 1: Pata nakala zilizogongwa muhuri

Omba nakala ya hukumu na nakala ya tuzo. Hukumu ni maelezo na sababu. Tuzo ni karatasi fupi ya amri zenyewe, na katika Mahakama ya Wilaya, Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu kinachokaziwa ni tuzo. Talaka ya kwa sheikh pekee, au karatasi ya baraza la usuluhishi wa ndoa, haina cha kukaziwa mahakamani. Kuvunjika kwa ndoa kwenyewe hakuhitaji kukaziwa. Hilo litasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Hatua ya 2: Tenganisha amri kwa aina

Chukua kalamu, gawa tuzo katika mafungu matatu: fedha (matunzo, malimbikizo, gharama za kesi), mali (nyumba, kiwanja, gari) na watoto. Kila fungu lina njia yake. Maombi mengi hukwama kwa sababu mtu ameomba "mshindwa tuzo akamatwe" kwa amri ya kukabidhi nyumba, au ameomba dalali wa mahakama, ambaye kazi yake ni kukamata na kuuza mali, kwa amri ya kumwona mtoto.

Hatua ya 3: Soma maneno ya tuzo kabla ya kulipia chochote

Hapa ndipo miezi inapotelea. Mahakama inayokazia hukumu haina mamlaka ya kuongeza, kupunguza wala kubadili kilichoamuliwa. Inachukua tuzo kama ilivyo. Sasa tazama amri hii ya kawaida: "Mdai apewe asilimia 40 ya nyumba ya ndoa." Nyumba ipi, kiwanja namba ngapi? Asilimia 40 ya thamani ya siku ya hukumu au ya leo? Nani atathamini? Nani ana haki ya kumnunua mwenzake? Kwa muda gani? Akishindwa, kinafuata nini? Mkopo wa benki uliopo juu ya nyumba unatolewa kabla ya mgawanyo au baada? Mshindwa tuzo mwenye wakili mzuri atakaa ndani ya kila moja ya maswali hayo kwa mwaka mzima.

Zipo njia tatu, na kuchagua isiyo yake ni kupoteza ada na muda.

Kama kosa ni la kalamu au hesabu (namba ya kiwanja imekosewa, jina limeandikwa vibaya, au hukumu ilitaja gari na tuzo ikalisahau), omba mahakama iliyotoa tuzo isahihishe. Hili halina ugumu.

Kama amri yenyewe ina pengo, kwa mfano hukumu ilisema gari ni mali ya ndoa lakini haikusema nani alichukue, rudi mahakama hiyohiyo uombe iangalie upya uamuzi wake. Muda ni siku 30. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa. Kwa hiyo soma tuzo wiki ileile unayoichukua. Na kama kinachokuuma ni kiasi ulichopewa, hiyo ni rufaa: siku 45 kwa shauri la ndoa lililoamuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi.

Kama fungu lako linajulikana na kinachokosekana ni namna ya kulitoa, usifungue kesi mpya, wala usikimbilie Baraza la Ardhi. Mabishano kati ya ninyi wawili kuhusu utekelezaji wa tuzo huamuliwa na mahakama inayokazia, na kesi mpya itatupwa. Omba hivi ndani ya maombi yako: nyumba iliyoko kiwanja namba fulani, kitalu fulani, ithaminiwe na mthamini aliyesajiliwa ndani ya siku 30, mshindwa tuzo alipe asilimia 40 ya thamani hiyo ndani ya siku 90, akishindwa, nyumba iuzwe kwa mnada na fedha zigawanywe kama tuzo inavyosema. Sentensi yenye "akishindwa" ndiyo yenye meno. Bila hiyo, siku ya 91 unaanza upya.

Mthamini apendekezwe kwa makubaliano, na asiyekubaliana aieleze mahakama. Ripoti uliyoiandaa peke yako, hata ikiwa ya kweli, itapingwa siku ileile.

Hatua ya 4: Peleka maombi mahakama sahihi

Yanapelekwa kwenye mahakama iliyosikiliza shauri mara ya kwanza, hata kama lilipanda hadi Mahakama ya Rufani. Lakini tuzo unayoambatisha ni ya mahakama ya juu kabisa iliyolimaliza. Watu huambatisha ile ya chini iliyokwisha kubadilishwa, na maombi yanaanguka.

Kama shauri lilianzia Mahakama ya Mwanzo, kumbuka kwamba Sheria ya Mwenendo wa Madai haitumiki pale. Mahakama hiyo ina kanuni zake, na karani atakupa utaratibu. Ninayoeleza kuanzia hapa yanahusu mahakama za juu yake, chini ya Amri ya XXI ya sheria hiyo, sehemu yenye kanuni za kukazia hukumu.

Kama mali au mshindwa tuzo yuko nje ya eneo la mahakama, omba tuzo ihamishiwe mahakama ya huko. Inasafiri na cheti kinachoonyesha ni sehemu gani haijatekelezwa.

Rufaa peke yake haisimamishi ukaziaji. Akikuambia "nimekata rufaa," muulize amri ya zuio iko wapi.

Hatua ya 5: Jaza fomu bila kuacha safu

Namba ya shauri, majina ya wadaawa, tarehe ya tuzo, kama kuna rufaa, kama kuna malipo au makubaliano yoyote baada ya tuzo, maombi yaliyotangulia na matokeo yake, kiasi kinachodaiwa, gharama, jina la anayekaziwa, na msaada unaoomba. Safu ya malipo ijazwe kwa ukweli. Kama alituma kitu kwa simu, kiandike na ukitoe kwenye hesabu. Akija na muamala ambao hukuutaja, utaonekana mwongo kwa kila kitu kingine. Malimbikizo yaandikwe mwezi kwa mwezi: kilichopaswa, kilicholipwa, kilichobaki.

Tuzo ikizidi mwaka 1, mshindwa tuzo lazima aitwe kwanza kutoa sababu kwa nini isikaziwe. Ukiruka hatua hiyo, kila kitakachofanywa baadaye kinaweza kutenguliwa.

Hatua ya 6: Chagua njia ya kupata fedha

Kwa mwenye ajira, mshahara kwanza. Mahakama inamwamuru mwajiri akate na kuwasilisha; si mshahara wote unaogusika, lakini unaingia kila mwezi, na matunzo ya mtoto ni ya kila mwezi. Kwa mfanyabiashara, omba kukamata fedha zake zilizo benki au zilizo kwa mtu mwenye deni lake. Taja benki na tawi. Mahakama haitakutafutia akaunti.

Kukamata vitu vya ndani iwe njia ya mwisho. Nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na vifaa vya ufundi vimekingwa na sheria, na vinavyobaki vikiuzwa mnadani mara nyingi haviachi kitu baada ya gharama za dalali wa mahakama. Nyumba anayoishi na familia yake nayo imekingwa dhidi ya deni. Akiitumia hoja hiyo kwa nyumba ya ndoa iliyogawanywa na tuzo, mjibu kwamba hukamati mali yake ulipwe deni, unachukua fungu lako.

Kifungo cha madai kipo, hadi miezi 6, lakini chakula cha mfungwa unakilipia wewe. Akitoka, deni linabaki ila huwezi kumkamata tena kwa tuzo hiyohiyo. Kinafaa kwa mwenye uwezo anayeficha mali. Kwa asiye na kitu, unalipa ili asifanye kazi.

Hatua ya 7: Hati asiyotaka kusaini

Andaa rasimu ya hati ya uhamisho, iwasilishe mahakamani, naye apewe nafasi ya kuipinga. Akiendelea kugoma, hakimu au jaji anasaini badala yake. Ukiwa unasubiri, omba mahakama izuie uuzaji, na amri hiyo uifikishe kwa Msajili wa Hati siku hiyohiyo. Kiwanja kikishauzwa kwa mtu mwingine, unaanza vita nyingine kabisa.

Ndugu yake anaweza kuibuka na pingamizi kwamba gari ni lake. Litasikilizwa. Jiandae na kadi ya usajili ya TRA na ushahidi wa nani alikuwa analitumia.

Hatua ya 8: Watoto

Usimchukue mtoto kwa nguvu, hata ukiwa na tuzo mkononi. Utampa mwenzako kesi dhidi yako. Omba amri ya makabidhiano yenye tarehe, saa na mahali, mbele ya afisa ustawi wa jamii, polisi wakiwepo kama mahakama itaamuru. Amri ya "kumwona mtoto mara kwa mara" ina ugonjwa uleule wa asilimia 40: omba siku na saa zitajwe. Kila anapokunyima, andika tarehe, saa na shahidi. Usizuie matunzo kwa sababu umenyimwa mtoto. Amri hizo mbili hazitegemeani, na malimbikizo yatahesabiwa juu yako.