Dohani inayovuja: jinsi ya kumpata fundi na kuisimamia kazi hadi mwisho

Nyumba nyingi za nyanda za baridi, kuanzia Lushoto na Mufindi hadi Limuru na Kericho, zina meko ya sebuleni na dohani ya matofali au mawe iliyochomoza juu ya paa. Hakuna sehemu ya nyumba inayopigwa na mvua kama hiyo, maana iko wazi pande zote nne. Hata hivyo, huwa haitazamwi mpaka dari lianze kutoa madoa ya kahawia. Mafundi wanaoitwa hapo wengi ni hodari wa kujenga kuta mpya, ila ukarabati wa dohani una taratibu zake. Mwenye nyumba asiyezijua hulipia saruji nyingi, na masika yakirudi maji hupita palepale.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanapopita

Usianze na bei. Dohani nyingi huharibiwa na maji yanayoingia kwa juu kuliko moto wa chini, kwa hiyo uchunguzi uanzie kileleni. Simama mbali na nyumba, kuza picha kwa simu, kisha tazama kofia ya zege iliyo juu kabisa, viungo kati ya matofali, nyuso za matofali, na flashingi, yaani bati linaloziba mahali dohani inapotokea kwenye paa.

Unga mweupe kwenye matofali ni chumvi inayotolewa na maji yaliyopenya ndani. Doa la dari linalotokea mvua ikija na upepo, karibu na dohani tu, mara nyingi ni flashingi. Harufu ya masizi inayozidi siku za mvua inaonyesha kwamba maji yanashuka ndani ya njia ya moshi. Kwaruza kiungo kwa ufunguo: kikimwagika kama mchanga, kimekwisha.

Nyuso za matofali zikibanduka kama maganda huku viungo vikiwa vigumu kama jiwe, hapo kuna kosa la fundi aliyetangulia. Alijaza viungo kwa saruji kali. Tofali la kuchoma ni laini na hunyonya maji, na maji hayo yanatakiwa yatokee kwenye kiungo. Kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, maji hulazimika kutokea kwenye tofali lenyewe na kulimenya. Fundi mwingine akija kuongeza saruji, anaongeza ubovu.

Mulika tochi kutoka kwenye meko kwenda juu. Masizi yanayong'aa kama lami, yenye unene unaozidi milimita 3, yasafishwe kabla ya kazi nyingine yoyote, kwa sababu yanaweza kushika moto ndani ya dohani. Angalia pia viota vya ndege na mizinga ya nyuki.

Kisha pima kwa timazi. Dohani iliyoinama, au yenye ufa mrefu wa wima unaokata matofali yenyewe, si ya kupakapaka. Hiyo mwite mhandisi.

Hatua ya 2: Pima, ukajue vifaa vinavyohitajika

Chukua mfano wa dohani yenye upana wa sentimita 60 kwa 60, iliyochomoza mita 1.5 juu ya paa. Nyuso zake nne ni mita za mraba 3.6. Kwa matofali madogo yenye viungo vya upana wa sentimita 1, vikichimbuliwa kina cha sentimita 2.5, kila mita ya mraba hula takriban lita 4.3 za udongo wa kujazia, yaani mchanganyiko wa saruji, chokaa na mchanga. Zidisha, ongeza kidogo kwa ajili ya upotevu, unapata lita 20 hivi: ndoo moja. Kofia mpya ya zege ya sentimita 70 kwa 70, unene wa wastani sentimita 8, inataka kilo 13 hivi za saruji. Mfuko mmoja wa kilo 50 unamaliza kazi yote na kubaki. Ukiletewa orodha yenye mifuko mitano, muulize fundi minne inakwenda wapi.

Gharama kubwa ya kazi hii ni jukwaa na siku za kuchimbua viungo kwa mkono. Fundi anayetoza ufundi mkubwa na vifaa vichache huenda ndiye anayeielewa kazi.

Hatua ya 3: Ita watu watatu, uwaulize maswali yaleyale

Tanzania, makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kenya, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ambayo pia huwatambua mafundi stadi mmoja mmoja. Kujaza viungo na kumwaga kofia kunaweza kufanywa na fundi mwashi mzoefu. Kubomoa dohani hadi chini ya paa ni kazi ya mkandarasi aliyesajiliwa.

Kila mmoja aje aone kazi. Bei ya kwenye simu usiipokee. Mkiwa mmesimama chini ya dohani, uliza: "Fundi, viungo utachimba kina gani?" Jibu unalolitaka ni sentimita 2 hadi 2.5. Akikuambia, "Hapo tunapaka tu juu, mama, itashika," mshukuru na umsindikize. Udongo uliopakwa juu ya kiungo kibovu huanguka vipande vipande. Uliza atachanganya nini, na atapandaje. Anayetaka kuegemeza ngazi kwenye dohani yenyewe hafai, maana matofali yaliyolegea hayabebi mtu. Mwisho omba kuona dohani aliyoikarabati zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Kazi ya wiki iliyopita huwa nzuri siku zote.

Hatua ya 4: Andikianeni

Karatasi moja inatosha, ila iandikwe kwa vipimo. "Kukarabati dohani" ni maneno matupu. Andika hivi: "Kuchimbua viungo vyote juu ya paa kina cha sentimita 2.5 na kuvijaza kwa saruji, chokaa na mchanga 1:1:6. Kubadilisha matofali yaliyomenyuka yasiyozidi 15, na yanayozidi hapo kwa bei ya kila tofali tuliyokubaliana. Kumwaga kofia mpya. Kuweka flashingi mpya pande nne." Ongeza nani analeta jukwaa, nani analipa vigae au bati likivunjika, nani anabeba kifusi, na fundi akiumia itakuwaje.

Vifaa nunua mwenyewe au dai risiti. Pesa ya ufundi igawe: asilimia 20 jukwaa likisimama, 40 viungo vikishachimbuliwa na wewe ukaviona, 30 kazi ikiisha, na 10 ibaki mkononi mwako hadi mvua kubwa ya kwanza. Malipo ya pili ndiyo muhimu kuliko yote. Viungo vikishajazwa huwezi tena kujua vilichimbwa kina gani, kwa hiyo udongo usianze kuchanganywa kabla hujapanda, au hujatumiwa picha ya rula ikiwa ndani ya kiungo.

Panga kazi iwe kiangazi. Ila maeneo kama Njombe, ambako Juni na Julai hupiga sakitu, msijaze viungo jioni: saruji mbichi ikigandishwa na baridi haishiki.

Hatua ya 5: Mambo ya kusimamia kazi ikiendelea

Viungo vichimbuliwe kwa tindo na nyundo. Grenda itumike katikati ya viungo vya ulalo tu. Kwenye vya wima hukata matofali ya juu na chini. Vumbi lake linadhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ni lazima. Kisha viungo vipigwe brashi na kuoshwa, matofali yawe na unyevu bila kudondosha maji. Tofali kavu hunyonya maji ya udongo kabla haujashika.

Udongo ni saruji ndoo 1, chokaa ya ujenzi 1, mchanga wa mto uliochekechwa 6. Ipimwe kwa ndoo, si kwa koleo, kwa kuwa koleo la asubuhi na la saa kumi si sawa. Mchanga ujaribiwe kwa chupa: weka nusu, jaza maji, tikisa, uache utulie. Tope la juu likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, tafuteni mwingine. Kichanganywe kiasi kinachoisha ndani ya saa mbili. Udongo ulioanza kukauka usirudishiwe maji, utupwe.

Kiungo kijazwe kwa tabaka, kila moja kama sentimita 1, ikikandamizwa kwa mwiko mwembamba. Kidole gumba kikiacha alama bila kunata, kiungo kiko tayari kulainishwa kwa kipande cha nondo laini ili kibonyee ndani kidogo. Funikeni kwa magunia yenye maji siku tatu. Kofia siku saba.

Kofia ndiyo inayokosewa zaidi. Wengi hupaka lipu juu ya matofali na kuiita kofia, ikapasuka msimu huohuo. Inatakiwa iwe zege, ukingoni isipungue sentimita 5, iteremke kutoka kwenye tundu la moshi kwenda nje, na itokeze sentimita 5 kupita ukuta. Chini ya sehemu iliyotokeza pawe na mfereji mdogo unaokatisha tone la maji lisirudi ukutani. Kama kuna bomba la ndani, zege lisilishike: bomba hutanuka kwa joto, kwa hiyo liachiwe nafasi izibwe kwa kamba isiyoungua na silikoni ya joto kali.

Flashingi iwe na sehemu mbili: ya chini inayolala juu ya paa, na ya juu inayoingia ndani ya kiungo sentimita 2.5 na kuifunika ya chini. Silikoni au lami ya kupaka peke yake ni dawa ya msimu mmoja.

Ndani ya meko tumieni matofali ya moto na udongo wake maalumu, viungo vyembamba vya milimita 3 hadi 6. Saruji ya kawaida hapo huchakaa kwa joto. Mkiwa darini, hakikisheni kenchi na mbao zote ziko angalau sentimita 5 mbali na dohani.

Hatua ya 6: Jaribu kabla jukwaa halijashushwa

Viungo vikishakauka, mtu mmoja akae darini na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira akianzia chini ya flashingi na kupanda taratibu, dakika tano tano kila sehemu. Ukianzia juu hutajua yalipoingilia. Pima na urefu: dohani ipite mahali inapotokea kwenye paa kwa sentimita 90, na ipite kwa sentimita 60 kitu chochote cha paa kilicho ndani ya mita 3. Ikipungua hapo, upepo unaweza kurudisha moshi sebuleni.

Hatua ya 7: Moto wa kwanza

Subiri siku 28, kisha washa vijiti vichache kwa siku tatu, kila siku ukiongeza kidogo. Moto mkubwa wa ghafla hugeuza unyevu uliobaki kuwa mvuke na kupasua viungo. Fungua dirisha. Moshi ukijaa chumbani, zima moto utafute kizuizi. Wakati wote wa ukarabati, meko ikiwa imezibwa, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kama mbadala: gesi yake haina harufu na huua watu usingizini.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, panda darini na tochi ushike mbao zilizo karibu na dohani kwa mkono. Zikiwa kavu, mpigie fundi aje achukue asilimia 10 yake.