Jenereta ya mawimbi ya redio: kutumia vitufe vya paneli ya mbele

Paneli ina vitufe vingi, lakini kazi kubwa inafanywa na vinne: FREQ cha masafa, AMPTD cha kiwango, MOD cha modulesheni (kupandisha sauti juu ya mawimbi), na RF ON/OFF kinachoruhusu mawimbi kutoka. Majina hutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine. Hapa tunapima kipokezi cha FM kwenye 145.500 MHz, tujue kinasikia mawimbi dhaifu kiasi gani.

1. Washa mashine uiache ipate joto kwa nusu saa hivi, masafa yatulie. Kisha bonyeza PRESET ili kufuta mipangilio ya aliyeitumia kabla yako. Hakikisha skrini inaonyesha RF OFF. Usiunganishe kebo bado.

2. Bonyeza FREQ, andika 145.5, halafu bonyeza MHz. Namba haikubaliki mpaka ubonyeze kipimo chake. Ukitaka kusogeza masafa kidogo kidogo, peleka kasa (alama ya kuchagulia kwenye skrini) kwenye tarakimu unayoitaka kwa vishale, kisha zungusha nobu.

3. Sasa kiwango, na hapa usiwe na haraka. Bonyeza AMPTD, alama ya kutoa, 107, kisha dBm (desibeli za nguvu zikilinganishwa na miliwati 1). Ukisahau ile alama ya kutoa unaiomba mashine nguvu kubwa kupita kiasi: hata kati ya −10 na +10 dBm nguvu inazidi mara 100. Kwenye mzigo wa omu 50, −107 dBm ni mikrovolti 1, na 0 dBm ni miliwati 1.

Ukipenda kusoma kwa volti, angalia kama skrini imeandika EMF. Hiyo ni volti ya tundu lisilo na mzigo, na ni mara mbili ya ile inayokifikia kipokezi. Mikrovolti 1 ya EMF ni −113 dBm, si −107. Desibeli 6 hizo zinatosha kukufanya ukihukumu vibaya kipokezi kizima, ndiyo maana mimi napendelea dBm.

4. Kwenye menyu ya FM weka mchepuko (kiasi masafa yanavyoyumba juu na chini) wa 3 kHz na toni ya 1 kHz, kisha washa MOD. Kwa chaneli nyembamba za 12.5 kHz, 1.5 kHz inatosha.

5. Unganisha kebo ya omu 50. Kama kifaa kinatuma pia, ondoa maikrofoni yake kwanza. Mtu akigusa kitufe cha kuongea, wati 5 zinarudi ndani ya jenereta na zinaweza kuunguza atenueta, sehemu inayopunguza kiwango cha mawimbi. Mashine nyingine zina kinga, lakini usiitegemee. Soma kikomo kilichoandikwa kando ya tundu la kutolea mawimbi.

6. Bonyeza RF ON. Toni isikike safi. Isiposikika, usikimbilie kuongeza kiwango: angalia kwanza kama MOD imewaka na kama masafa ya pande zote mbili yanalingana.

7. Weka hatua ya kiwango iwe 1 dB, kisha shuka kwa kishale cha chini huku ukisikiliza. Mvumo unapanda taratibu mpaka toni inaanza kumezwa. Andika namba ya mwisho ambapo toni bado inatambulika. Upotevu wa kebo nao uutoe: kama kebo inakula 1 dB na skrini inasoma −118, kipokezi kinapata −119.

8. Bonyeza RF OFF kabla ya kugusa koneka.